Aliyeshinda kesi alilala wapi usiku ule? Uzi wa uhuru na kizuizini

Mchimba Kisima (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Ubishi wa nani aliiua demokrasia baada ya uhuru hauishi. Wengine mkoloni, wengine Vita Baridi, wengine wazee wetu wenyewe. Kila mtu ana upande wake na sijawahi kuona mtu akihama. Leo naomba tuache hotuba na bendera, tumfuate mtu mmoja tu.

Achieng' Oneko. Alikamatwa Oktoba 1952, Gavana Baring alipotangaza hali ya hatari Kenya. Yeye, Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba wakapelekwa Kapenguria, kule mbali makusudi, ambako mwandishi wa habari na wakili walifika kwa shida. Aprili 1953 hakimu Thacker akawapa miaka 7 na kazi ngumu. Wakakata rufaa.

Hapa someni taratibu. Rufaa ya Oneko ilikubaliwa. Mahakama ya mkoloni huyohuyo ikafuta hukumu yake mapema 1954. Mtu ameshinda kesi, sasa afunguliwe mlango aende kwao akaoge, alale.

Hakwenda kokote. Serikali ilikuwa na karatasi nyingine mkononi: amri ya kizuizini chini ya kanuni za hali ya hatari. Amri ile haihitaji kosa, wala shahidi, wala hakimu. Inahitaji sahihi. Oneko akabaki ndani mpaka 1961.

Uhuru ukaja 12 Desemba 1963. Oneko akawa mbunge wa Nakuru na Waziri wa Habari, Utangazaji na Utalii katika baraza la Kenyatta, mwenzake wa Kapenguria. 1966 akajiuzulu, akamfuata Oginga Odinga kwenye chama kipya cha KPU. Oktoba 1969 Kenyatta akaenda Kisumu kufungua hospitali, kukatokea zogo, risasi zikapigwa, watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na viongozi wake wakabebwa. Oneko alitoka 1975.

Mara ya kwanza alishinda kesi akabaki ndani. Mara ya pili hapakuwa hata na kesi ya kushinda.

Mimi tangu niisome habari hii nimeacha kupima uhuru wa nchi kwa tarehe. Nauliza swali moja: aliyeachiwa na mahakama, usiku ule alilala wapi? Naendelea na Ghana hapo chini, msinikate.

Mchimba Kisima

Ghana ndiyo inauma zaidi, maana wao walitangulia na sote tulikuwa tunawatazama.

28 Februari 1948, askari wastaafu waliopigana vita ya Mwingereza waliandamana Accra kudai walichoahidiwa. Polisi wakapiga risasi, watatu wakafa: Adjetey, Attipoe na Odartey Lamptey. Mji ukawaka. Gavana akawakamata viongozi sita wa chama cha UGCC na kuwatawanya maeneo ya mbali bila kuwafungulia mashtaka. Waghana wanawaita Wakubwa Sita: Kwame Nkrumah, J. B. Danquah, Ebenezer Ako-Adjei, Edward Akufo-Addo, Emmanuel Obetsebi-Lamptey na William Ofori-Atta. Ako-Adjei ndiye aliyewapendekezea wenzake wamwite Nkrumah kutoka Uingereza aje kuwa katibu wa chama. Likumbukeni hilo.

Uhuru ukapatikana 6 Machi 1957. Mwaka uliofuata, 1958, Bunge likapitisha Sheria ya Kizuizini: mtu anaweza kukaa ndani hadi miaka 5 bila kesi.

Sasa wahesabuni wale sita. Nkrumah yuko ikulu. Danquah, mwanasheria, anasimama Mahakama Kuu kabisa ya nchi mwaka 1961 kumtetea Baffour Akoto na wenzake waliowekwa ndani kwa sheria hiyo. Hoja yake: Rais aliapa kulinda uhuru wa raia, imo kwenye katiba. Mahakama ikamjibu kwamba kile kiapo ni tamko la nia njema, kama kiapo cha malkia anapovikwa taji, hakimfungi Rais mahakamani. Yaani wameachana na malkia, halafu wanamrudia kutafuta sababu ya kumnyima raia haki! Miezi michache baada ya uamuzi ule Danquah mwenyewe akawekwa ndani kwa sheria aliyotoka kuipinga. Akaachiwa 1962, akarudishwa Januari 1964, na tarehe 4 Februari 1965 akafia gereza la Nsawam, akiwa amemwandikia Nkrumah barua za kuomba afunguliwe.

Obetsebi-Lamptey alikufa 1963 akiwa kizuizini. Ofori-Atta naye alionja.

Wamebaki wawili, na hawa ndio wanaonirudisha kwenye swali langu. Agosti 1962 Nkrumah alitupiwa bomu Kulungugu akaponea chupuchupu. Walioshtakiwa ni pamoja na Ako-Adjei, yule aliyempendekeza. Kwenye jopo la majaji watatu alikaa Akufo-Addo, na Jaji Mkuu Arku Korsah akiongoza. Mmoja wa sita kizimbani, mwingine kwenye kiti cha jaji, wa tatu ndiye aliyelengwa na bomu. Desemba 1963 majaji wakasema ushahidi dhidi ya Ako-Adjei na wenzake wawili hautoshi. Huru.

Hawakutoka. Walibaki ndani kwa ile ile sheria ya 1958, na ndani ya siku mbili Jaji Mkuu akafukuzwa kazi. Baadaye kesi ikaanza upya mbele ya mahakama nyingine, wakahukumiwa kifo, kikapunguzwa kuwa kifungo.

Oneko 1954 chini ya Mwingereza. Ako-Adjei 1963 chini ya Mwafrika aliyewahi kufungwa na Mwingereza. Nionyesheni tofauti ya usiku ule kwa mtu aliye ndani ya chumba.

Kiroboto

Nimeweka mkeka hapa. Uzi kama huu hausomwi na bando la masaa matatu.

Tumbili Mzee

Mkuu Mchimba, umeandika vizuri lakini umeandika kama mtu aliyezaliwa kwenye amani. Waweke wazee wako kwenye kalenda yao. Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960, na Januari 1961 Waziri Mkuu Lumumba ameshauawa, Katanga imejitenga, Wabelgiji wamerudi na majeshi. Januari 1963 Rais Sylvanus Olympio akauawa Togo na askari, jirani na mlango wa Ghana. Januari 1964 Mapinduzi Zanzibar, na wiki iliyofuata maasi ya jeshi Tanganyika, halafu Uganda na Kenya. Serikali ya Tanganyika ililazimika kuita majeshi ya Mwingereza, miaka miwili tu baada ya kumuaga! Unajua aibu hiyo?

Na Nkrumah hakutupiwa bomu la kuigiza. Nchi ina makada wachache, wasomi wa kuhesabu, mabalozi wa nje wana mabegi ya fedha. Ungekuwa wewe ungesubiri shahidi? Demokrasia ya kulala mlango wazi ni ya walioshiba.

Kalamu Nyeusi

Nachangia kama mtu wa sheria. Watu wengi wanalitaja neno kizuizini bila kujua linafanyaje kazi, kwa hiyo niwaonyeshe ile ya kwetu Tanganyika, Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962.

Rais akiridhika kwamba mtu ni hatari kwa amani au usalama wa nchi, anasaini amri. Akiridhika. Si mahakama iridhike. Mtu anakamatwa. Ndani ya siku 15 anapaswa kuelezwa sababu. Kuna kamati ya ushauri inayopitia amri, lakini jina lake limeshajieleza: inashauri, Rais halazimiki kuifuata. Halafu kinakuja kifungu kilichobeba sheria yote mgongoni: amri hii haihojiwi katika mahakama yoyote.

Jambo la pili, na hili mtoa mada amelikosa. Katiba ya uhuru ya Tanganyika ya 1961 haikuwa na orodha ya haki za raia. Waingereza walitaka iwemo, TANU ikakataa kwa hoja kwamba nchi changa yenye mipango ya maendeleo itafungwa mikono na majaji, na majaji wenyewe wakati ule walikuwa Wazungu watupu. Hoja haikuwa ya kijinga. Ila matokeo yake haki hizo ziliingia kwenye katiba mwaka 1984, na hata hapo mahakama zikazuiwa kuzitumia mpaka Machi 1988. Zaidi ya miaka 26 tangu bendera ipande. Na mlango ulipofunguliwa mwaka huohuo, Jaji Mwalusanya pale Mwanza akapata kesi ya Chumchua Marwa, aliyekuwa ameshikiliwa chini ya sheria ya kuhamisha watu ya mwaka 1921. Sheria ya 1921, wakuu! Ilitungwa Nyerere hajazaliwa. Jaji akasema inapingana na katiba.

Mchimba Kisima

Kalamu Nyeusi, asante mkuu, hicho kifungu cha kutohojiwa nilikuwa nakitafuta.

Tumbili Mzee, heshima yako iko palepale, lakini kalenda uliyoniletea ndiyo inayokukataa. Sheria ya Ghana ni ya 1958. Olympio aliuawa 1963, bomu la Kulungugu lilirushwa 1962. Sheria ya Tanganyika ni ya 1962, maasi ya jeshi ni Januari 1964. Dawa ilichanganywa kabla homa haijaingia. Tena ule mwaka 1962 upinzani wenyewe ulikuwaje? Novemba Zuberi Mtemvu wa chama cha upinzani cha ANC aligombea urais dhidi ya Nyerere akapata kama asilimia 2. Asilimia 2 ndiyo ya kuitungia sheria isiyohojiwa mahakamani?

Na homa ilipokuja kweli, tazama dawa ilipakwa kwa nani. Walioasi ni askari wa kambi ya Colito. Waliosombwa kwa wingi pamoja nao ni viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Shirikisho lao la TFL likavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi ambacho katibu mkuu wake anateuliwa na Rais. Na aliyeteuliwa ni nani? Waziri wa Kazi. Mfanyakazi akitaka kuishtaki serikali kwa waziri, anamkuta waziri ndiye mwakilishi wake.

Kasanga Tumbo alitoka kwenye chama cha wafanyakazi wa reli. Alipelekwa London kuwa balozi, akaacha ubalozi 1962, akaingia upinzani, akakimbilia Kenya. 1964 akarudishwa, akawekwa ndani. Huyu hakuwa na bunduki.

Simwiti Mwalimu dikteta, na ninajua mlichonacho mikononi mnasubiri kunirushia. Huyu huyu alishtakiwa na mkoloni mwaka 1958 kwa kashfa ya jinai, kwa sababu ya makala iliyowasema wakuu wa wilaya kwenye gazeti la Sauti ya TANU. Akapewa faini shilingi 3,000 au miezi 6, akalipa. Kosa hilo la kashfa likabaki kwenye vitabu vyetu, likapita kwenye Sheria ya Magazeti ya 1976, likahamia kwenye Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya 2016. Kinachonishinda mimi ni hicho: mtu anachomwa na kaa la moto, halafu akipata nyumba analiweka kabatini.

mama_wa_nne

Kaka Mchimba, na Kaggia umemsahau. Mwaka 1965 Kenyatta alimuuliza hadharani kule Kandara kwamba tulikuwa wote jela, wenzako wana mashamba na nyumba, wewe umejifanyia nini? Kaggia alikuwa anadai ardhi kwa wasio na ardhi. 1968 akafungwa kwa kuhutubia mkutano bila kibali. Kibali cha mkutano! Kitu alichoanza kupigana nacho toka enzi za gavana.

Ila nina swali kwenu wanaume wa katiba. Mnahesabu wanasiasa tu. Mwananchi wa kawaida je? Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka Tanzania nzima 1991, na walio wengi, karibu asilimia 80, walisema chama kimoja kinatosha. Mnawaweka wapi hao? Au nao walikuwa kizuizini?

Tumbili Mzee

Hapo dada umemkamata. Na mniruhusu niongeze: uchaguzi wa 1965 wa chama kimoja, wagombea wawili kila jimbo, mmoja alama ya jembe mwingine ya nyumba, wananchi waliwaangusha mawaziri. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alianguka. Nchi ngapi za vyama vingi leo zinamwangusha waziri wa fedha kwa kura?

Kalamu Nyeusi

Mzee Tumbili, ile ya jembe na nyumba naikubali, ilikuwa bunifu na ilikuwa na meno. Lakini majina ya wagombea yalichujwa na nani kabla hayajafika kwenye jembe? Halmashauri Kuu ya chama. Na urais haukuwa na jembe wala nyumba, ulikuwa na ndiyo au hapana.

Dada, kuhusu Nyalali: ni kweli wengi walitaka chama kimoja, lakini walewale waliotaka kibaki wengi wao walitaka kirekebishwe. Tume ikashauri vyama vingi pamoja na hayo, na Julai 1992 vikaruhusiwa. Watu husahau sehemu ya pili ya ripoti. Tume iliorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Ya Kizuizini imo. Ya 1921 ya kuhamisha watu imo. Ya adhabu ya pamoja kwa kijiji kizima imo, nayo ni ya 1921. Tulichukua vyama, sheria nyingi kwenye ile orodha tukaziacha mezani. Ndiyo maana tukapata vyama vingi na mkutano mmoja.

Kiroboto

"Vyama vingi na mkutano mmoja." Naiba hii.

Msafiri wa Kale

Mbona mnaongea kama ilikuwa lazima iwe hivyo? Botswana imepata uhuru 30 Septemba 1966, nchi maskini kuliko karibu wote mliowataja, imezungukwa na makaburu, na vyama vingi havikufutwa hata siku moja. Seretse Khama naye aliteswa na Mwingereza: alizuiwa kurudi kwao kuanzia 1950 hadi 1956 kwa sababu alimuoa Ruth, mwanamke Mzungu. Chama chake kilishinda kila uchaguzi kwa miaka 58, na kiliposhindwa 2024 Rais Masisi alikubali matokeo kabla hata hesabu haijaisha.

India nayo ina kizuizini ndani ya katiba yenyewe tangu 1950. Indira Gandhi akaitumia vilivyo alipotangaza hali ya hatari Juni 1975. 1976 Mahakama ya Juu ikasema walio ndani hawana pa kulalamikia, jaji mmoja tu, Khanna, akapinga. Alipitwa kwenye ujaji mkuu kama Korsah alivyofukuzwa. Tofauti ni kwamba Januari 1977 Indira aliitisha uchaguzi, Machi akashindwa, akaondoka.

Mchimba Kisima

Msafiri, mfano wa Botswana umenitoa jasho, nakiri. Unavunja kauli rahisi kwamba mkoloni alitupangia kila kitu. Sheria mbovu zilirithiwa na wengi, wengine wakazitumia kila siku, wengine mara chache. Nadhani India iliokolewa na jambo dogo: kulikuwa na tarehe ya kura iliyokuwa ikiheshimika kiasi kwamba hata aliyefunga watu alihisi anadaiwa. Ghana 1964 walipiga kura ya maoni ya chama kimoja ikapata zaidi ya asilimia 99 ya ndiyo. Kura ya aina hiyo haimwondoi mtu. Inabaki bunduki.

Na mama_wa_nne, swali lako la mwananchi halinitoki. Jibu langu ni nusu. Asilimia 80 walikuwa hawajadanganywa, waliona Kongo, waliona Uganda ya Amin, walijua wanachoogopa. Lakini kumbuka waliulizwa kuhusu idadi ya vyama. Sidhani kama kuna mzazi, awe wa TANU au wa upinzani, angeulizwa "mwanao akishinda kesi arudi nyumbani?" akasema hapana.

Tumbili Mzee

Haya, nimekusikia. Ila bado sijakubali kwamba bila hizo sheria tungefika hapa tulipo wote kwa pamoja. Niambie basi, hao wa Nsawam, bunduki ilipokuja 1966 waliishia wapi?

Mchimba Kisima

Mzee wangu, hapo ndipo pabaya kuliko pote. 24 Februari 1966 jeshi na polisi walimpindua Nkrumah akiwa safarini kuelekea Hanoi. Wafungwa wa sheria ya 1958 wakafunguliwa, Ako-Adjei baadaye naye akatoka. Watawala wapya wakaifuta ile sheria kwa shangwe. Halafu mwaka huohuo wakatoa amri yao wenyewe, wakaiita ya ulinzi, na viongozi wa chama cha Nkrumah wakawekwa ndani bila kesi. Waliokuwa wakisaini amri jana wakawa ndio wanaosomewa majina.

Oneko je? Alirudi bungeni 1992, mbunge wa Rarieda kwa tiketi ya FORD-Kenya, mzee wa miaka 70 na ushee. Sheria iliyomfunga mara ya pili ilikuwa bado ipo alipokuwa akiapa. Vifungu vya kizuizini viliondolewa 1997, muhula wake ulipokuwa unaisha.

Kiroboto

Nakunja mkeka. Mwenye habari za Orton na Vera Chirwa wa Malawi afungue uzi wake, nitawahi siti.